Majanga Mengi au Mfungamano wa Majanga? Uhakiki wa Neno Jipya na Tafsiri Zake

Utangulizi

Mtu anayetafsiri ripoti za mashirika ya kimataifa kwa Kiswahili siku hizi hachelewi kukutana na neno moja linalomsimamisha kalamu. Ni neno la kutaja hali ambapo vita, njaa, maradhi, mfumuko wa bei na maafa ya hali ya hewa vinaikumba jamii kwa wakati mmoja. Wanaolipata kupitia Kifaransa, kama sisi wa Bujumbura, hulitamka polikrizi. Wanaolipata kupitia Kiingereza, kama wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam, huelekea kulitamka polikraisisi. Kwa hiyo hata kabla neno halijaingia katika kamusi yoyote ya Kiswahili, tayari limeanza kugawanyika mara mbili.

Makala haya yana lengo la kulihakiki neno hilo pamoja na tafsiri zinazoelekea kutumiwa. Tutaonyesha kwanza neno linatoka wapi na linadai nini. Kisha tutalipima kwa mfano wa Burundi, nchi ambayo imeliishi neno hilo kwa muda mrefu kabla ya kulisikia. Mwisho tutapendekeza tafsiri, na kueleza kwa nini uchaguzi wa tafsiri hapa ni zaidi ya suala la kamusi. Hoja yetu ni kwamba istilahi yoyote tutakayoichagua haina budi kumlazimisha mtumiaji aseme ni nini kimefungana na nini, na ni nani aliyekifunga.

Asili ya neno

Neno lenyewe limeundwa kwa vipande viwili vya Kigiriki. Kipande cha kwanza, poli-, wanafunzi wa isimu wanakifahamu kutokana na istilahi polisemia, nacho kina maana ya wingi. Kipande cha pili, krisis, kwa Wagiriki kilimaanisha uamuzi au hukumu, na katika utabibu wao kilitaja ile saa ambapo ugonjwa unageuka, mgonjwa ama apone ama afe.

Waliolitia neno hili katika mjadala wa kifalsafa ni Edgar Morin na Anne-Brigitte Kern katika kitabu chao Terre-Patrie, kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1993. Kwa muhtasari, waandishi hao walidai kwamba dunia haina tatizo moja kuu ambalo likitatuliwa mengine yote yatakwisha. Kilichopo ni matatizo mengi makuu yanayotegemeana, kila moja likilisha jingine. Neno lilikaa kimya kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Jean-Claude Juncker, aliyekuwa rais wa Tume ya Ulaya, alilitumia kuieleza Ulaya iliyobanwa kwa pamoja na madeni, wakimbizi na kura ya Uingereza ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2022 mwanahistoria Adam Tooze alilieneza kwa wasomaji wengi wa Kiingereza, baada ya janga la korona na vita vya Ukraine kupandisha bei za chakula na nishati. Kufikia Januari 2023 lilikuwa likitajwa sana katika mkutano wa matajiri na wakuu wa nchi huko Davos.

Msomaji wa Bujumbura ataona jambo moja katika tarehe hizo. Mwaka uleule wa 1993 ambapo neno lilichapishwa Paris, hapa kwetu Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba, na nchi ikaingia katika miaka ambayo neno hilo lingeieleza vizuri kuliko lilivyoieleza Ulaya. Sisi tulikuwa na jambo bila neno, wao walikuwa na neno na jambo wakaliona baadaye.

Neno linadai nini?

Kosa la kwanza la mfasiri ni kudhani kwamba neno hili linataja idadi. Akiona poli- ataandika “migogoro mingi” na kuendelea na kazi yake. Lakini kinachodaiwa na neno si wingi, ni uhusiano.

Mfano rahisi tunao darasani. Tunawafundisha wanafunzi kutofautisha polisemia na homonimia. Katika homonimia, maneno mawili yamekutana tu katika umbo: kaa la moto na kaa wa baharini hawana undugu wowote wa maana. Katika polisemia, maana nyingi za neno moja zina uhusiano: mkono wa mtu, mkono wa shati na mkono wa ndizi vimetokana na picha moja. Ukiigusa moja, unaigusa nyingine.

Vivyo hivyo, nchi inaweza kupatwa na ukame kusini na mgomo wa wafanyakazi mjini katika mwezi mmoja, na mambo hayo yasihusiane. Hayo ni majanga mengi tu. Lakini ukame ukisababisha njaa, njaa ikawahamisha watu, uhamaji ukaleta maradhi, na maradhi yakamaliza fedha ambazo zingenunua mbegu za msimu ujao, hapo tuna kitu kingine. Huwezi tena kulitatua moja ukayaacha mengine, kwa sababu kila moja ni sababu na ni matokeo kwa wakati mmoja.

Burundi kama kipimo

Tulipime dai hilo kwa historia yetu. Tarehe 25 Julai 1996, nchi ikiwa vitani, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka. Kabla ya mwezi huo kwisha, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, ambavyo vilisitishwa Januari 1999. Mafuta na mbolea viliadimika, bei zikapanda. Wakati huohuo vita viliwatoa watu kwenye vilima vyao na kuwaweka kambini, mbali na mashamba. Mwaka 2000 na 2001 ikafuata malaria kali katika mikoa ya juu ya kaskazini, mahali ambapo watu hawakuwa na kinga ya kutosha. Wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni, katika nchi ambayo dawa iliyozoeleka ya klorokwini ilikuwa imepungua nguvu. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, malaria hiyo ikikaribia kupamba moto.

Ukiuliza mwaka huo mtu wa Kayanza alikuwa akiteswa na nini hasa, vita, vikwazo, njaa au mbu, swali lenyewe lilikuwa bovu. Mwili uliodhoofishwa na njaa haukuweza kuyahimili maradhi. Njaa ilitokana na shamba lililoachwa, na shamba liliachwa kwa sababu ya bunduki. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Methali hiyo ina nadharia yote ya polikrizi ndani yake: mvuto unaweza kutoka upande wowote, lakini pa kukatikia pamekwisha kuandaliwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Baada ya mzozo wa kisiasa wa Aprili 2015 na jaribio la kupindua serikali lililoshindwa Mei mwaka huo, zaidi ya watu 400,000 walikuja kuihama nchi. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali, uamuzi uliokuja kuondolewa Februari 2022. Fedha za kigeni zilipungua. Zilipopungua, uagizaji wa mafuta ukayumba, na hasa kuanzia mwaka 2021 foleni kwenye vituo vya mafuta zikawa sehemu ya maisha ya Bujumbura. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Ziwa Tanganyika nalo lilikuwa likipanda: Aprili 2020 mto Rusizi uliifurika Gatumba, na mvua za 2023 hadi 2024 zikawaathiri zaidi ya watu 200,000 nchini. Januari 2024 mpaka na Rwanda ulifungwa. Julai 2024 wagonjwa wa kwanza wa homa ya nyani katika mlipuko huo walithibitishwa. Februari 2025, vita vya Kivu Kusini vilipopamba moto, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Rusizi, wengi wakifikia kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo.

Hapa pia mtu anaweza kuorodhesha tu, na orodha ikamchosha msomaji bila kumfundisha. Mafunzo yako katika viungo. Lori lisilo na mafuta halifikishi mihogo sokoni, bei ya mihogo ikapanda. Gari la wagonjwa lisilo na mafuta halimfikii mgonjwa, maradhi yakaenea. Mkimbizi aliyefika anahitaji lori hilohilo na gari hilohilo. Kwa hiyo uhaba wa fedha za kigeni, ambao huonekana kuwa habari ya wachumi, unakuwa habari ya mganga, ya mwenye duka na ya mtu wa Gatumba ambaye nyumba yake imezama.

Neno kuu lipi: mgogoro, janga au msukosuko?

Tukishakubaliana kwamba jambo lipo, tunarudi kwenye lugha. Neno lolote tutakaloliunda litahitaji nomino kuu ya kubeba maana ya krisis. Kiswahili kinazo kadhaa, na kwa bahati mbaya mara nyingi zinachanganywa. Njia nzuri ya kuzipambanua ni kutazama vitenzi vinavyoandamana nazo.

Mgogoro husuluhishwa. Tunasema mgogoro wa ardhi, mgogoro wa mpaka, mgogoro baina ya mwajiri na wafanyakazi. Panapo mgogoro pana pande mbili, na mtu wa tatu aweza kuketi kati yao. Ndiyo sababu “mgogoro wa ukame” huleta kigugumizi: mvua haiwezi kuitwa kwenye meza ya usuluhishi.

Janga hukumba. Linakuja kutoka nje, linampata mtu naye hana la kufanya ila kuhimili. Tangu mwaka 2020 watu wengi wamelizoea zaidi kupitia janga la korona. Janga kwa kawaida halina mhusika.

Msukosuko hutulia. Ni picha ya chombo kinachotikiswa na mawimbi. Magazeti ya Afrika Mashariki yaliutumia sana pamoja na “mtikisiko” kueleza kuporomoka kwa mabenki ya Marekani mwaka 2008. Anayesema msukosuko anaahidi kimyakimya kwamba kutakuwa shwari.

Kiswahili kina pia nomino ambazo kwa kawaida hatuzisikii katika umoja: maafa, masaibu, machafuko, madhila. Kirundi nacho kina amagume, nalo lina umbo la wingi. Ni kama kwamba wazungumzaji wa lugha zetu walikwisha kuona kuwa taabu haihesabiki moja moja. Hata hivyo maneno haya yanaonyesha fungu, hayaonyeshi kamba iliyolifunga.

Hapa ndipo lilipo jambo zito kwa nchi yetu. Kila mojawapo ya nomino hizi inajibu kwa namna yake swali la nani alifanya. Tukumbuke kwamba mauaji ya mwaka 1972 yanajulikana sana kwa Kirundi kama ikiza, neno ambalo kwa kawaida hutaja maafa au maradhi yanayofyeka watu. Tukumbuke pia kwamba katika mazungumzo ya Bujumbura, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, huzungumzwa krize ya 1965, krize ya 1972, krize ya 1988, krize ya 1993. Neno hilo la kukopa kutoka Kifaransa limewasaidia majirani kuketi pamoja bila kutukanana, na heshima hiyo haifai kudharauliwa. Lakini limefanya kazi nyingine pia. Mtu aliyeuawa na mtu anasemwa kuwa “alikufa katika krize”. Kitenzi kimekuwa kufa, na muuaji ametoweka katika sentensi.

Sasa tukiziunganisha krize zote tukaziita polikrizi, hatari inaongezeka. Yeyote mwenye wajibu aweza kujificha ndani ya fungu. Mwizi wa mali ya umma atasema ni hali ya dunia. Aliyezuia magari ya chakula atasema mambo ni mengi na yamechangamana. Wahenga walitenganisha mambo haya waliposema msiba wa kujitakia hauna kilio: walijua kwamba kuna msiba unaoletwa na mvua na kuna msiba unaoletwa na mkono. Neno jipya lisitusahaulishe tofauti hiyo.

Tafsiri zinazoweza kupendekezwa

Tuzipime sasa tafsiri kwa vigezo tunavyovifundisha: usahihi, ufupi, uwazi, uwezo wa kuzalisha maneno mengine, na kukubalika kwa watumiaji.

“Polikrizi” au “polikraisisi” ni fupi na ni ya kimataifa. Lakini haina uwazi kwa mwenye duka wa Buyenzi, na kama tulivyoona, imekwisha kugawanyika kufuata mipaka ya wakoloni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, haihitaji neno jingine la kututenga.

“Mfululizo wa majanga” ni wazi, lakini unaonyesha kupokezana: hili limekwisha, lile likafuata. Hauonyeshi kuwapo kwa pamoja.

“Mrundikano wa majanga” unaonyesha kuwapo kwa pamoja, lakini vitu vilivyorundikwa havihusiani. Ukiondoa kilicho juu, vya chini vinabaki vilevile.

“Msongamano wa majanga” una sura ya barabara ya mjini. Hata hivyo msongamano wa magari hulegea wenyewe ikifika usiku, na majanga tunayoyasema hayana usiku huo.

“Majanga mseto” yana ladha nzuri. Tunakijua chakula cha mseto, kilimo mseto na serikali ya mseto. Lakini mseto katika matumizi haya huelekea kuwa mchanganyiko uliokusudiwa na wenye manufaa. Ni vigumu kulitoa neno kwenye sufuria na kulipeleka msibani.

“Msokoto wa majanga” ungefaa sana kwa maana, kwa kuwa nyuzi zilizosokotwa huwa kamba moja. Tatizo ni kwamba kwa vijana wengi msokoto ni wa bangi, na mwalimu atakayelitumia darasani atapoteza dakika tano za kipindi kwa kicheko.

Tunabaki na “mfungamano wa majanga”. Kitenzi kufungamana si kigeni kwa mtu yeyote aliyewahi kusikia juu ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Kinaonyesha kuwapo kwa pamoja na kinaonyesha uhusiano. Kina uwazi, na kinazalisha: majanga yaliyofungamana, kufungamana kwa majanga, kufungamanisha, kufungua. Ni kirefu kidogo kuliko neno la kigeni, lakini urefu huo ni bei ndogo.

Kati ya kufungamana na kufungamanisha

Pendekezo letu halikomei hapo. Tulitazame umbo la kitenzi chenyewe. Mzizi ni -fung-. Tukiongeza -am- na kisha -an- tunapata -fungamana. Viambishi hivyo viwili vinaeleza hali ya kushikana, na mtenda hahitajiki. Majanga “yamefungamana”, basi, kama mizizi ya miti iliyokua jirani. Sentensi ni kamili na haimtaji mtu.

Lakini tukiongeza -ish- tunapata -fungamanisha, na sentensi mara moja inadai kiima chenye kutenda. Nani alifungamanisha vita na njaa? Aliyechoma ghala. Nani alifungamanisha uhaba wa fedha na uhaba wa dawa? Hapo kuna uamuzi, kuna tarehe, kuna ofisi. Nani alifungamanisha mvua na mafuriko ya nyumba za watu? Labda hakuna mtu kwa upande wa mvua, lakini kwa upande wa viwanja vilivyogawiwa karibu mno na maji, swali lina jibu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo neno hili linapopata faida kwa walimu na wanafunzi. Zoezi la darasani ni rahisi. Mwanafunzi anapewa aya yenye “mfungamano wa majanga”. Kazi yake ya kwanza ni kuyataja majanga hayo kwa majina: mfungamano wa nini na nini? Kazi ya pili ni kuandika upya kila sentensi yenye -fungamana kwa -fungamanisha, akitafuta kiima. Pale kiima kinapopatikana, amegundua wajibu. Pale kinapokosekana kabisa, amegundua janga la kweli. Kwa njia hiyo somo la mnyambuliko wa vitenzi, ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila hamu, linakuwa somo la kusoma habari za nchi yao.

Je, neno linahitajika?

Kuna wenzetu watakaosema kwamba neno hili ni mtindo wa matajiri walioshtuka kuona taabu imebisha hodi kwao, na kwamba maskini wa dunia hawakuhitaji jina la kitu walichokula nacho kila siku. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, na tarehe za 1993 tulizozitaja zinaiunga mkono. Hata hivyo kutokuwa na jina hakukutusaidia. Katika miaka ya 1996 hadi 2001 kila taabu ilikuwa na ofisi yake: malaria kwa madaktari, njaa kwa wagawa chakula, vita kwa wapatanishi wa Arusha. Jina linaloonyesha viungo lingeweza angalau kuwakalisha watu hao katika chumba kimoja. Neno lililokuja kwa mlango wa matajiri laweza kufanya kazi katika nyumba ya maskini, ilimradi tulishone upya kwa kipimo chetu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno linalotafsiriwa haraka kama “migogoro mingi” halitaji wingi bali uhusiano. Kwamba nomino mgogoro, janga na msukosuko zina hukumu zilizojificha ndani yake. Na kwamba “mfungamano wa majanga” unafaa kuliko tafsiri nyingine tulizozipima, kwa sharti kwamba anayeutumia ayataje yaliyofungamana na awe tayari kukinyambua kitenzi hadi kwenye kufungamanisha. Bila sharti hilo, istilahi yetu itakuwa krize nyingine: blanketi la kuwafunika wafu na waliowaua kwa pamoja.

Walimu na wanafunzi watakaolijaribu zoezi hili madarasani, au walio na tafsiri bora kuliko hii, wanakaribishwa kuandika katika toleo lijalo. Istilahi haikomai kwenye kurasa za jarida. Hukomaa kwa kutumiwa, kupingwa na kusahihishwa.